Mahekalu ya kale ya Misri kwa gari binafsi: mwongozo kamili kutoka Abydos hadi Abu Simbel

Mahekalu makubwa ya Misri ya kale ambayo bado yamesimama yako kusini mwa nchi, kandokando ya Mto Nile. Kutoka Abydos hadi Abu Simbel ni mwendo wa zaidi ya kilomita 600. Wageni wengi huyaona kwa meli za kitalii au kwa mabasi ya makundi, na hapo ndipo shida inapoanza, kwa sababu meli hutia nanga Edfu na Kom Ombo kwa saa zinazokaribiana, na mamia ya watu humiminika hekaluni kwa mkupuo mmoja. Mwenye gari lake, dereva wake na mwongozaji wake huchagua kuingia kabla yao au baada yao. Kwangu mimi hiyo ndiyo faida inayostahili gharama, kuliko kiyoyozi na kuliko kiti kipana. Kwa hiyo mwongozo huu nimeupanga kwa saa na kwa mfuatano: ufike wapi saa ngapi, na hekalu lipi litangulie ili macho yazoee kabla ya kufikia yale yenye mengi.

Saa zote humu ni za Kiswahili. Saa 12 asubuhi ni jua linapochomoza. Wenzetu wa Misri huhesabu kizungu, basi hakikisheni mnaelewana mnapopanga muda wa kuondoka.

Hatua ya 1: Panga siku na mwelekeo

Siku sita kamili zinatosha bila kukimbizana. Weka kambi Luxor kwa siku tatu: moja ya Karnak na hekalu la Luxor mjini, moja ya ng'ambo ya magharibi, moja ya Dendera na Abydos upande wa kaskazini. Siku ya nne shuka kwa gari hadi Aswan, ukisimama Esna, Edfu na Kom Ombo. Siku ya tano ni ya Philae na Aswan yenyewe. Ya sita ni Abu Simbel, na ukilala huko, ya saba ni ya kurudi.

Mwenye siku tano aache Abydos na Dendera, ingawa Dendera inauma kuiacha. Usijaribu kubana mahekalu matano katika siku moja. Ukifika la nne hutaona tena chochote zaidi ya nguzo.

Anzia Luxor uelekee kusini. Karnak, Luxor na mahekalu ya magharibi kwa sehemu kubwa ni kazi ya Ufalme Mpya, kati ya takriban mwaka 1550 na 1070 KK. Edfu, Kom Ombo, Esna, Dendera na sehemu kubwa ya Philae zilijengwa karne nyingi baadaye, chini ya akina Ptolemaio wenye asili ya Makedonia na kisha makaisari wa Roma, waliojichora ukutani kwa mavazi ya kifarao. Ukishaiona ile ya zamani, ya baadaye inajieleza yenyewe.

Hatua ya 2: Msimu, visa na chanjo

Nenda kati ya Oktoba na Aprili. Kiangazi joto la Luxor na Aswan hupita nyuzi 40, na ua la hekalu lililozungukwa na mawe huwa tanuri. Desemba na Januari asubuhi ni baridi kweli, hasa ukiondoka alfajiri jangwani, kwa hiyo beba sweta. Mwezi wa Ramadhani maeneo mengi hufungwa mapema kuliko kawaida. Unaweza kusafiri, lakini panga kila kitu kiishe kabla ya alasiri, na umpe dereva nafasi ya kufuturu kwa utulivu.

Kuhusu visa, uliza ubalozi wa Misri ulio karibu nawe. Upo Nairobi, Dar es Salaam na Kampala. Fanya hivyo wiki kadhaa kabla ya kulipia tiketi ya ndege. Beba cheti cha chanjo ya homa ya manjano hata kama mtu amekuambia hakihitajiki, maana msafiri atokaye Afrika Mashariki anaweza kuombwa uwanja wa ndege. Shirika la EgyptAir huruka kutoka miji yetu mikubwa hadi Cairo, na kutoka Cairo hadi Luxor ni kama saa moja angani. Treni ya usiku ipo pia kwa mwenye muda.

Hatua ya 3: Gari, dereva, mwongozaji

Dereva na mwongozaji ni watu wawili tofauti wenye kazi mbili tofauti. Dereva hukaa na gari. Mwongoza watalii wa Misri ni mtu aliyesomea, ana leseni ya Wizara ya Utalii na Mambo ya Kale, na hubeba kitambulisho chake. Asiye na leseni haruhusiwi kuongoza wageni ndani ya hekalu. Ukiambiwa dereva atakuwa pia mwongozaji, maana yake utaingia peke yako.

Kabla ya kulipa kianzio, andikianeni yafuatayo, hata kwa ujumbe wa simu tu:

- Aina ya gari, mwaka wake, idadi ya viti, na kama lina mikanda kwa abiria wote.
- Mafuta, maegesho, chakula na malazi ya dereva nje ya mji wake viko ndani ya bei au la.
- Tiketi za mahekalu na boti ya Philae zinalipwa na nani.
- Mwongozaji ni mmoja kwa safari nzima, au anabadilika Luxor na Aswan.
- Hakuna kusimama kwenye duka lolote ambalo hukuliomba.

Hilo la mwisho litie mkazo. Maduka ya mafunjo, ya marhamu na ya manukato hutoa kamisheni kwa anayeleta wageni, na kila "dakika kumi tu" dukani huwa saa nzima iliyokatwa kwenye hekalu. Sema mapema kwa upole, na safari itakwenda bila mvutano.

Kuhusu lugha: Kiingereza ndiyo rahisi kupata. Lakini Kiswahili si kigeni Misri. Kinafundishwa Chuo Kikuu cha Al-Azhar, na Idhaa ya Kiswahili ya Redio Cairo ilianza kurusha matangazo mwaka 1954. Kwa hiyo uliza kama kuna mwongozaji anayekijua. Huenda akapatikana, na kama mnasafiri na wazazi wasiojua Kiingereza, tofauti yake ni kubwa.

Mjaribu mwongozaji kwa swali moja kabla ya kumkubali: mwambie unataka saa mbili Edfu, sehemu ya kwanza akueleze, sehemu ya pili akuache utembee mwenyewe. Anayelijua hekalu atafurahi. Anayekuambia dakika arobaini zinatosha, tafuta mwingine.

Hatua ya 4: Pesa, tiketi na bakshishi

Madirisha ya tiketi ya maeneo mengi makubwa sasa hayapokei noti; unalipa kwa kadi ya benki, Visa au Mastercard. Iarifu benki yako kabla ya kuondoka na uwe na kadi ya pili ya akiba. Mwanafunzi mwenye kadi ya kimataifa ya wanafunzi hulipa nusu. Baadhi ya sehemu zina tiketi yake ya pekee juu ya ile ya mlangoni, kwa hiyo amua kabla ya kupanga foleni.

Paundi za Misri bado utazihitaji kwa chai, choo, boti na bakshishi. Vunja pesa mapema upate noti ndogondogo, uziweke mfuko wa peke yake. Walinzi wa mahekalu watakuita kwa mkono, wakufungulie chumba cha pembeni au wakumulikie mchoro gizani. Ukipenda, mfuate, umpe kidogo mkimaliza. Usipopenda, weka mkono kifuani, sema "la, shukran" na uendelee kutembea. Usipande juu ya jiwe wala kuvuka kamba kwa sababu tu mlinzi amekuruhusu. Picha za simu kwa kawaida hazilipiwi, ila stendi ya kamera huhitaji kibali, na mwanga wa kamera usiwashe mbele ya rangi za kale.

Mavazi: viatu vilivyofunika vidole, kofia, nguo nyepesi za kufunika mabega na magoti. Kanga au leso itakufaa kwa jua, kwa vumbi, na kwa kujitanda ukipita msikitini. Beba tochi na darubini ndogo. Darubini watu huidharau, lakini nusu ya kazi nzuri ya mahekalu haya iko darini, mita kumi na zaidi juu ya kichwa chako.

Hatua ya 5: Jifunze kulisoma hekalu, ukianza na Karnak

Fika Karnak saa 12 asubuhi linapofunguliwa. Kwa muda fulani utakuwa na wachache tu, na jua la asubuhi likipenya kwa mshazari ndilo linaloonyesha michongo vizuri.

Mahekalu haya yana mpango mmoja, na ukiushika hapa utautumia hadi Abu Simbel. Kwanza lango lenye minara miwili mipana. Kisha ua ulio wazi. Kisha ukumbi wa nguzo. Kisha vyumba vinavyozidi kuwa vidogo, sakafu ikipanda kidogo kidogo na dari ikishuka, hadi chumba cha ndani kabisa chenye giza, ambamo sanamu ya mungu ilikaa na makuhani wachache tu waliingia. Watu wa kawaida waliishia uani. Tazama pia namna ya kuchonga: kuta za nje, zinazopigwa na jua, mara nyingi michoro imechimbwa kuingia ndani ya jiwe ili kivuli kiikate, kuta za ndani mara nyingi imeinuliwa juu ya jiwe ili taa ndogo iiguse.

Ukipita lango la kwanza la Karnak, usifuate kundi moja kwa moja. Geuka kulia utazame nyuma ya mnara. Kuna rundo la matofali ya udongo mabichi limeegemea ukutani, na watu hupita wakidhani ni kifusi. Ni mabaki ya mtelemko wa ujenzi. Lango hili halikumalizwa, na mtelemko wa udongo uliotumika kupandisha mawe haukubomolewa wote. Ni miongoni mwa mahali pachache unapoweza kuona jinsi kazi ilivyofanyika, si matokeo yake tu.

Halafu ukumbi wenyewe: nguzo 134, alizozisimamisha Seti I na kumaliziwa mapambo na mwanawe Ramesses II. Zile 12 za katikati zina urefu wa takriban mita 21 na vichwa vyake ni maua ya mafunjo yaliyofunguka; za pembeni ni fupi zaidi, na maua yamefumba. Ukumbi huu ni mfano wa kinamasi cha mafunjo kilichozunguka kile kisiwa cha kwanza kilichotoka majini dunia ilipoanza, kadiri ya imani yao. Mbele yake usiikose obeliski (nguzo ndefu iliyochongoka) ya malkia Hatshepsut, jiwe moja la itale jekundu lenye karibu mita 30, lililotolewa machimbo ya Aswan.

Mchana pumzika. Alasiri nenda hekalu la Luxor, ambalo huwa wazi hadi usiku, na taa zikiwashwa linapendeza kuliko mchana. Karnak na Luxor zimeungwa na njia ya sfinksi (sanamu za simba wenye vichwa vya watu au kondoo dume) ya karibu kilomita 2.7, iliyofunguliwa rasmi Novemba 2021. Kwenye ua wa Ramesses utaona msikiti wa Abu Haggag umesimama juu ya nguzo za kale, na mlango wake mmoja wa zamani unaning'inia juu ukutani, hauna ngazi. Pale mlango ulipo ndipo ardhi ilipokuwa kabla mchanga na nyumba za mji havijaondolewa. Watu wameabudu hapo kwa dini tatu bila kukatika kwa muda mrefu: ya mafarao, ya Kikristo, kisha Uislamu. Kila mwezi wa Shaaban kuna maulidi ya Abu Haggag, na katika maandamano yake hubebwa mashua, kama vile mafarao walivyobebesha mashua ya mungu Amun kutoka Karnak. Mbele ya lango kuna obeliski moja; mwenzake yuko Paris tangu miaka ya 1830.

Hatua ya 6: Ng'ambo ya magharibi

Gari litazunguka kwa daraja la kusini mwa mji, au uvuke kwa boti na dereva akungoje upande wa pili. Wageni wengi huanza na Bonde la Wafalme. Wewe anza na hekalu la Hatshepsut, Deir el-Bahari, mapema, kwa sababu limeelekea mashariki na jua la asubuhi linaliangaza lote. Baadaye jabali lililo nyuma yake hurudisha joto usoni.

Kwenye varanda ya daraja la kati, upande wa kushoto unapotazama hekalu, kuna michongo ya safari ya kwenda nchi ya Punt. Mpe muda ukuta huu. Utaona merikebu zikipakiwa, nyani wakitembea kwenye kamba, miti ya ubani au manemane imebebwa kwenye vikapu na mizizi yake, nyumba zilizoinuliwa juu ya nguzo na ngazi zake, na chini ya merikebu samaki wa Bahari ya Shamu wamechorwa hata wanatambulika. Wataalamu wengi huiweka Punt upande wa Pembe ya Afrika na pwani ya Bahari ya Shamu. Kwa sisi ambao ubani ni kitu cha kila Alhamisi nyumbani, ukuta huu unazungumza kwa karibu.

Maliza na Medinet Habu, hekalu la Ramesses III. Mabasi mengi hayafiki, na ndilo nililolipenda kuliko yote ya upande huu. Hieroglifi zake, yale maandishi ya picha ya Misri ya kale, zimechimbwa kwa kina ambacho kiganja huingia, kama mfalme aliogopa atakayekuja nyuma asije akafuta jina lake. Kuna vita dhidi ya Watu wa Bahari, wavamizi waliotoka ng'ambo ya bahari, kwenye ukuta wa nje wa kaskazini, na chungu za mikono iliyokatwa ikihesabiwa na makarani. Ni katika utawala wa mfalme huyu, mwaka wake wa 29, mafundi wa kijiji cha Deir el-Medina waliacha kazi na kwenda kukaa kitako kwenye mahekalu kwa sababu posho yao ya nafaka ilichelewa. Ni mgomo wa zamani kuliko yote iliyoandikwa.

Hatua ya 7: Kaskazini, Abydos kisha Dendera

Ondoka saa 11 alfajiri. Abydos ni mwendo wa saa mbili na nusu hadi tatu. Nenda huko kwanza, kisha urudi ukisimama Dendera, karibu na Qena. Tegemea matuta kila kijiji na vizuizi vya polisi. Pasipoti iwe karibu, jibu swali linaloulizwa, usipige picha ya askari.

Hekalu la Seti I kule Abydos lina vyumba saba vya ibada vilivyopangwa bega kwa bega, na michongo ya chokaa iliyo laini kiasi kwamba vidole vya mfalme vinaonekana kucha. Kwenye ushoroba mmoja kuna orodha ya wafalme 76, Seti akimfundisha mwanawe Ramesses kuisoma. Walioachwa ni muhimu kama waliomo: Hatshepsut hayumo, Akhenaten hayumo, Tutankhamun hayumo. Mwulize mwongozaji akuonyeshe nafasi walipopaswa kuwa.

Dendera ni nyumba ya mungu wa kike Hathor. Ingia ukumbini, simama katikati ya nguzo 24, uinue darubini. Masizi ya karne nyingi yamesafishwa na rangi ya buluu imerudi, na Nut, mungu wa anga, amejinyoosha darini akimeza jua jioni na kulizaa asubuhi. Kisha panda juu ya paa kwa ile ngazi ambayo makuhani waliipanda na sanamu ya Hathor siku ya mwaka mpya ili aguswe na jua. Wamechorwa ukutani wakipanda pamoja nawe. Duara la nyota lililo kwenye chumba cha paani ni nakala. Lenyewe liko makumbusho ya Louvre, Paris. Zunguka nyuma ya hekalu kabla ya kuondoka: aliyechorwa pale ukutani ni Kleopatra wa VII na mwanawe aliyezaa na Julius Caesar.

Hatua ya 8: Barabara ya kusini

Hii ndiyo siku ambayo gari linajilipa. Ondoka Luxor saa 12 asubuhi.

Esna iko kama saa moja. Hekalu la Khnum limo shimoni, kama mita tisa chini ya mitaa ya mji, kwa hiyo unalitazama kwanza kwa juu ukiwa sokoni. Kilichobaki ni ukumbi mmoja tu. Timu ya Wamisri na Wajerumani imekuwa ikiusafisha tangu 2018, na rangi zilizojitokeza ni za kushangaza. Khnum ni mungu mwenye kichwa cha kondoo dume anayewafinyanga wanadamu kwenye gurudumu la mfinyanzi. Mwombe mwongozaji akuonyeshe utenzi ulioandikwa karibu wote kwa alama ya kondoo dume, kondoo baada ya kondoo, makuhani wakionyesha ufundi wao wa maandishi.

Kati ya Esna na Edfu kuna El Kab, yenye makaburi ya kuchongwa mlimani na ukuta mkubwa wa matofali ya udongo. Simama ukiwa na nguvu, ukichelewa, pita.

Edfu fika karibu na saa 5, wageni wa meli wakiwa wamesharudi kwenye meli zao. Hekalu la mungu Horus lilianzishwa mwaka 237 KK na kukamilika 57 KK, na limehifadhika kuliko mengine yote, kwa sababu lilifukiwa na mchanga na watu wakajenga nyumba juu ya paa lake hadi mwanaakiolojia Mfaransa Auguste Mariette alipoanza kulifukua mwaka 1860. Lango lake lina mita 36. Hapa ile mipango uliyojifunza Karnak unaitembea yote chini ya dari, mwanga ukipungua hatua kwa hatua hadi kwenye kizimba cha jiwe cha mungu. Usikose chumba kidogo chenye mapishi ya manukato na ubani yameandikwa ukutani. Na kwenye ushoroba wa nje, upande wa magharibi, tafuta Horus akimpiga kwa chusa adui yake Seth. Seth ni kiboko. Mchongaji amemfanya mdogo mno, wa kutoshea miguuni pa mtu, maana kilichochorwa hekaluni kiliaminika kuwa na nguvu, na kiboko mkubwa angekuwa hatari kuwa naye. Hathor wa Dendera, uliyemwona jana, kila mwaka aliletwa hapa kwa mashua kumtembelea Horus.

Kule barabarani sasa ni mashamba ya miwa hadi Kom Ombo. Agiza juisi ya miwa. Katika eneo hili pia walihamishiwa Wanubi wengi mwaka 1963 na 1964, nchi yao ilipofunikwa na maji ya Bwawa Kuu la Aswan.

Kom Ombo fika saa 9 alasiri, kabla meli hazijafunga gati. Hekalu hili ni pacha: miungu wawili, Sobek mwenye kichwa cha mamba na Horus Mkubwa, milango miwili, patakatifu pawili. Nenda moja kwa moja nyuma, kwenye ukuta wa mwisho. Kati ya miungu wawili kuna kijishubaka, na kando yake yamechongwa masikio. Huku nyuma ndiko walikokuja wasioruhusiwa kuingia ndani, wakaleta dua zao kwa miungu wasikilizao. Karibu hapo kuna mchoro wa vifaa vinavyotajwa kuwa vya tabibu. Kisha tazama kisima cha kupimia Nile. Kimo cha maji kilitabiri mavuno, na mavuno yakapanga kodi. Mafuriko yenyewe yalitoka nyanda za juu za Ethiopia, lakini maji yaliyotiririka mwaka mzima yalikuwa ya kwetu, kutoka Ziwa Viktoria kupitia Jinja. Makumbusho ya mamba yaliyo mlangoni ni ya dakika ishirini na yanawafurahisha sana watoto. Aswan iko chini ya saa moja kutoka hapo.

Hatua ya 9: Philae

Asubuhi na mapema gari likupeleke gati la Shellal. Boti zinapatanwa, kwa hiyo mwachie mwongozaji apatane, mkubaliane bei ya kwenda, kusubiri na kurudi, na muda wa kusubiri usipungue saa mbili.

Kisiwa unachoshukia kinaitwa Agilkia. Philae yenyewe ilianza kuzama bwawa la kwanza la Aswan lilipokamilika 1902, na katika kampeni ya UNESCO hekalu la mungu wa kike Isis lilibomolewa jiwe kwa jiwe na kujengwa upya hapa, likafunguliwa mwaka 1980. Hapa ndipo maandishi ya mwisho ya hieroglifi yenye tarehe yalipochongwa: 24 Agosti 394 BK. Kwenye kuta hizo hizo utaona misalaba ya Wakristo waliogeuza ukumbi kuwa kanisa. Mchana, kama joto si kali, ongeza obeliski isiyokamilika machimboni. Ina karibu mita 42, ilipasuka kabla haijatolewa mwambani.

Hatua ya 10: Abu Simbel

Ni takriban kilomita 280, saa tatu hadi tatu na nusu jangwani. Magari mengi huondoka Aswan kabla ya alfajiri na kufika pamoja, kisha hukaa saa mbili na kugeuza. Ninakushauri ulale Abu Simbel usiku mmoja. Ondoka Aswan saa 4 asubuhi, ufike mchana magari hayo yakiwa yameshageuza, uwe na hekalu alasiri, na kesho yake uingie tena linapofunguliwa, kabla ya magari ya Aswan. Ukiamua kwenda na kurudi siku moja, hakikisha dereva amelala usiku uliotangulia. Barabara ni nyoofu na ndefu, na usingizi ndio hatari yake. Jaza mafuta, maji na chakula Aswan.

Sanamu nne za Ramesses II zina takriban mita 20 kila moja. Ya pili kutoka kushoto ilivunjika zamani, na kichwa chake kimelala chini. Hekalu lilipohamishwa kati ya 1964 na 1968 ili lisizame, vipande hivyo vilirudishwa vile vile vilivyokuwa vimelala. Hekalu hili na lile dogo la jirani yalikatwa vipande zaidi ya 1,000 vya tani nyingi kila kimoja, yakapandishwa kama mita 65 juu. Ukikaribia ukuta wa ndani, karibu kabisa, utaona mistari myembamba ya maungio ikipita katikati ya farasi na magari ya vita vya Kadesh, alivyopigana Ramesses na Wahiti. Kwenye miguu ya sanamu za nje soma pia majina ya askari wa Kigiriki waliopita hapa karne ya 6 KK.

Mwisho wa hekalu wamekaa wanne: Ptah, Amun-Ra, Ramesses mwenyewe na Ra-Horakhty. Tarehe 22 Februari na 22 Oktoba jua la asubuhi hupenya hadi kwao, ila Ptah, wa upande wa giza, hubaki kivulini. Siku hizo mbili umati ni mkubwa mno. Kama lengo lako ni kuliona hekalu, chagua tarehe nyingine. Hekalu dogo la jirani ni la Hathor na malkia Nefertari, na uso wake una jambo la nadra: sanamu za malkia zina kimo sawa na za mfalme.

Ukilala huko, toka saa 3 asubuhi na utakuwa Aswan mchana mapema. Tiketi ya ndege ya kwenda Cairo iweke baada ya saa 10 jioni, maana vizuizi vya polisi huweza kuchelewesha. Masalio ya malipo mpe mwenye gari siku hiyo ya mwisho, mizigo ikishashuka yote, na bakshishi ya dereva mpe mkononi mwake mwenyewe, kando na ya mwongozaji.